Cheti cha Lài

Roanne, Ufaransa
6 Machi 1995

Kwa Msajili wa vizazi na vifo,
Kijiji cha Tan Loc, Sa Dec, Vietnam

Salamu kwako, wewe usiyenijua. Natumai barua hii itakukuta mzima, pamoja na wote ulio nao nyumbani na kazini. Mimi sijambo, ila magoti tu, na hayo ni ya kusimama jikoni.

Naitwa Hélène. Ni mpishi katika shule ya watoto wadogo hapa mjini. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita na hatukujaliwa mtoto. Nililetwa Ufaransa mwaka 1955, nikiwa na miaka mitano, pamoja na watoto wengine ambao baba zao walikuwa askari wa Kifaransa na mama zao watu wa kwenu. Nililelewa na masista. Kila nilipouliza habari za mama niliambiwa hakuna habari, nile chakula changu. Hata nilipoolewa, masista walitoa karatasi yao wenyewe, ikatosha.

Mwaka jana nilikwenda kubadilisha kitambulisho, nikaambiwa kwamba waliozaliwa katika makoloni ya zamani kumbukumbu zao zimewekwa mji wa Nantes, niandike huko. Nikaandika. Baada ya wiki tatu ikanifikia nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Wiki ijayo natimiza miaka arobaini na mitano na ndiyo mara ya kwanza nakiona. Kinasema: Bui Thi Lai, msichana, amezaliwa tarehe 14 Machi 1950, kijiji cha Tan Loc. Baba: hajulikani, adhaniwa kuwa Mfaransa. Mama: Bui Thi Nhan, miaka ishirini na mitatu, muuza uji.

Muuza uji. Nilirudia maneno hayo mpaka maziwa yakafurika jikoni.

Ninachoomba ni kidogo. Kama madaftari yenu bado yapo, nitazamie Bui Thi Nhan alifariki lini na amezikwa wapi. Sitarajii zaidi ya hapo. Na kama barua hii imekupotezea muda, niwie radhi.

Wako mwenye haja,
Hélène


Tân Lộc, Sa Dec
20 Mei 1995

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mvua zimeanza na njia ya ofisini imekuwa matope matupu.

Nimechana karatasi mbili kabla ya hii kwa kutojua nikuite nani. Kifaransa changu ni cha shule na kimeota kutu, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ndiye msajili wa kijiji hiki, mwaka wa kumi na moja sasa. Barua kama yako huja moja au mbili kwa mwaka, na mimi hujibu kwa mistari mitatu: tunasikitika, madaftari ya wakati wa Wafaransa yameliwa na mchwa. Yako niliisoma huku nakunywa chai, jibu langu nikiwa nalo tayari. Nikafika penye jina la mama yako na kazi yake. Kijijini hapa kuna Bùi Thị Nhàn mmoja tu. Asubuhi ile alikuwa ameniamsha kwa kunigonga unyayo na mpini wa upawa, kama anavyofanya tangu nikiwa mtoto. Ni mama yangu mimi.

Sikumwambia siku ile. Kazi hii imenifundisha kuamini kitabu kabla ya mdomo, kwa hiyo nilipanda baiskeli hadi ghala la wilaya. Zamani kila daftari la vizazi liliandikwa nakala mbili, moja ikabaki na nyingine ikapanda meli. Ya kwetu ya mwaka 1950 imebaki jalada tu. Yenu ndiyo iliyookoka. Lakini kitabu cha sensa ya 1951 kipo nusu, na katika nusu hiyo nikakuta: Nyumba ya 47. Bùi Thị Nhàn, miaka 24, hana mume. Mtoto wa kike, Lài, miezi kumi. Bata wanne. Karani wa siku hizo alihesabu mpaka bata.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anamenya vitunguu saumu. Nikamuuliza, Mama, Lài ni nani? Kisu kikasimama. Hakuuliza nimelipata wapi jina hilo. Aliuliza tu:

“Yu hai?”

Nikamwambia yu hai, yuko Ufaransa, ni mpishi. Aliendelea kumenya kitunguu kile kile mpaka kikaisha mkononi. Kisha akasema, “Anapika nini?”

Dada, nimekaa naye miaka thelathini na minane na sikuwahi kulisikia jina lako. Ameniambia hivi. Alikuwa akiuza uji karibu na kambi ya askari. Baba yako alihamishwa kabla hujazaliwa. Watu walimsema sana, lakini kusemwa alikuzoea. Kilichomtisha ni mwaka ule Wafaransa walipoanza kufunga mizigo. Mwanamke mmoja wa Kizungu alizunguka vijijini akiwaambia kina mama kwamba watoto wa namna yenu watachinjwa vita vikiisha, na kwamba kuna nyumba ya kuwalea huko Vinh Long, yenye vitanda na daktari. Mama hakujua kusoma. Aliwekewa karatasi, akatia dole gumba. Alielewa kuwa ni shule. Mwaka uliofuata wakaambiwa watoto wanavushwa bahari, wakishasoma watarudi.

Neno lingine na nitanyamaza. Hapa kusini mtoto wa kwanza haitwi Wa Kwanza, huitwa Hai, yaani Wa Pili, ili mashetani wasimjue aliyetangulia. Mimi naitwa Ba, Wa Tatu. Utotoni niliwahi kuuliza, basi Wa Pili wetu yuko wapi? Marehemu baba akaniambia mimba iliharibika, nisiulize tena.

Na jina lako lina kialama juu ya a. Ukikitia ni asmini. Ukikiacha, neno linageuka “chotara”. Karani aliyekuandika alikiacha, sijui kwa haraka au kwa makusudi.

Mdogo wako,
Ba (Lê Văn Khiêm)


Roanne
14 Juni 1995

Ba, mdogo wangu,

Mama hajambo? Macho yake, miguu yake, usingizi wake? Nawe na mkeo na watoto? Mimi sijui kama ni mzima. Nimetia chumvi mara mbili kwenye chakula cha watoto mia na ishirini, na mwalimu mkuu akaniuliza kama nina mchumba.

Barua yako naibeba kwenye mfuko wa aproni. Imeshachafuka mafuta. Nilijiandaa kupewa kaburi, nikapewa mtu anayemenya vitunguu.

Mwambie mama napika dengu, viazi, samaki siku za Ijumaa. Wali napika Jumatano, na watoto huubakiza kwa sababu nauchemsha kwa maji mengi kama wanavyopika hapa, kisha namwaga maji. Najua atacheka. Mwambie anicheke tu.

Nimejizoeza kuandika kile kialama. Lài. Lài. Nimejaza karatasi nzima kama mtoto wa darasa la kwanza.

Naweka picha yangu humu. Ni ya mwaka jana, siku ya sikukuu ya shule, nisamehe hiyo kofia. Nitakuja kwa Mwaka Mpya wenu, Februari, nimekwisha kuomba likizo. Kabla ya hapo, Oktoba, nitakwenda Aix, mahali zinapowekwa nyaraka za makoloni. Nimeambiwa mafaili ya ile nyumba ya Vinh Long yamo humo. Nataka kuiona ile karatasi aliyoitia dole. Usimwambie nina kinyongo. Sina. Nataka tu kukiona kidole chake, basi.

Dada yako,
Hai


Tân Lộc
2 Septemba 1995

Dada Hai,

Salamu nyingi sana, na mama anakuuliza hali kwanza kabla sijaandika neno langu lolote. Anauliza: magoti yamepoa? Upake mafuta ya tangawizi. Sisi hatujambo. Maji ya mto yamepanda, samaki ni wengi, mbu nao hawajambo.

Habari ya wali ilimfanya acheke mpaka akashika ubavu. Akasema hao Wafaransa walikaa hapa miaka themanini na hawakuona hata sufuria inavyofunikwa. Sasa kila jirani anaijua habari hiyo. Bibi Út wa ng'ambo ya mfereji, yule aliyekuwa hamsalimii mama siku za nyuma kwa sababu yako, amekuja na mayai ya bata na kusema daima alijua Lài atakuwa mtu. Mama aliyapokea mayai. Mgeni alipoondoka mama akasema, “Nitayala, lakini sitasahau.”

Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwa miaka sita nimembembeleza aende hospitali, akikataa, akisema kilichobaki kuona ni mimi na ameshaniona vya kutosha. Juzi ameniuliza mwenyewe foleni ya daktari ikoje. Atapasuliwa jicho moja mwezi wa kumi na moja. Kuna nguruwe anayefugwa kwa ajili yako, na kitambaa cha zambarau cha kukushonea suruali na blauzi. Anataka vipimo vya kiuno. Nimemwambia mambo hayo hayaandikwi na mwanamume, akaniambia niandike.

Huko Aix ukiona maandishi usiyoyaelewa, ninakilie, nimezoea mikono ya makarani wa zamani.

Mdogo wako,
Ba


Tân Lộc
15 Desemba 1995

Dada Hai,

Hujambo? Tuna wasiwasi. Barua yangu ya Septemba ilikufikia? Ile ya Oktoba je?

Mama amepasuliwa na jicho la kulia linaona. Siku walipofungua bandeji alitazama mkono wake mwenyewe kwanza, akashangaa umezeeka hivyo. Kisha akaomba picha yako. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuzia dirishani. Akasema pua si yake, lakini ya yule bwana haikumbuki vizuri, kwa hiyo hawezi kukulaumu.

Vipimo bado havijaja. Ameshona kwa kukisia.

Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Ba


Tân Lộc
10 Machi 1996

Dada,

Salamu. Sitauliza hali, maana hujibu.

Mwaka Mpya umepita. Siku tatu mama alivaa nguo zake nzuri tangu alfajiri, akakaa mlangoni na jicho lake moja. Kila pikipiki iliyokata kona aliinuka. Nguruwe tulimchinja, tungefanya nini, na majirani wakaja, wakala, wakauliza. Bibi Út naye aliuliza, mara mbili.

Kama safari ilikushinda, ungesema. Kama umebadili moyo, ungesema pia. Mimi ni mtu mzima, nisingeanguka. Lakini mama hukumwomba wewe umtafute. Alikuwa amekufunika moyoni mwake miaka arobaini, ukaja ukamfunua, ukamwacha hivyo.

Khiêm


Roanne
2 Aprili 1996

Khiêm,

Nakusalimu, na mama namsalimu. Ulichoandika nakistahili, na ungeweza kuongeza.

Hii ni barua ya saba. Sita za kwanza nimezichoma. Nitasimulia kwa mpangilio, na wewe usiruke mstari.

Nilikwenda Aix tarehe 23 Oktoba. Walinipa sanduku la ile nyumba ya Vinh Long. Ile karatasi ya dole niliipata mapema, saa nne asubuhi. Dole lipo, jeusi, limetelezea pembeni kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono. Niliweka kidole changu juu yake mpaka mlinzi wa chumba akanikataza. Ningeondoka saa hiyo ningekuwa bado dada yako.

Chini yake kulikuwa na orodha ya watoto waliopanda meli Septemba 1955. Kila mtoto ana nambari. Nambari 31: Bui Thi Lai, miaka mitano na nusu, cheti kipo. Nambari 32: msichana, kama miaka mitano, ameletwa na mama yake, hana cheti, jina la asili halikuandikwa. Anaitwa Hélène.

Nikajiambia wamechanganya mistari. Nikafungua inayofuata. Ni barua ya mwanamke aliyewasindikiza watoto, kwa mkubwa wake. Nainakili neno kwa neno: “Nambari 31 amefariki hospitalini Marseille tarehe 9 Oktoba, surua iliyoingia mapafuni. Kwa kuwa nambari 32 hana cheti, na bila cheti hakuna nyumba itakayompokea, nimemwandikisha 32 kwa cheti cha 31. Umri unalingana. Aliyefariki ameandikwa kama msichana asiyejulikana.”

Umeelewa, Khiêm. Lài amekufa. Alikufa akiwa na miaka mitano, na mimi nikapewa cheti chake kama mtoto anavyopewa viatu vya mwenzake. Nina damu ya nani, nilizaliwa siku gani, sijui. Mimi ni nambari 32.

Sasa nikwambie kilicho kibaya zaidi. Nilirudi hapa nikiwa nimeamua kunyamaza na kuja hivyo hivyo. Nani angejua? Sanduku lile halijafunguliwa na mtu mwingine kwa miaka arobaini. Mama anataka binti, mimi nataka mama, cheti kinatuunganisha na kina mhuri wa serikali. Nilinunua tiketi. Kisha ikaja barua yako ya Desemba, kwamba jicho limefunguka na ameigeuza picha yangu dirishani. Nikaona siwezi kusimama mbele ya jicho hilo. Nikawa siwezi kuja na siwezi kusema, na Mwaka Mpya ukapita nikiwa nimekaa kitandani na koti langu mwilini.

Ifanyie habari hii utakavyoona. Wewe unamjua mama, mimi sina haki ya kukushauri. Naweka humu nakala za karatasi zote tatu.

Hélène


Tân Lộc
28 Julai 1996

Salamu, Hélène. Natumai u mzima. Sisi tupo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Wiki mbili hivi. Halafu nikamchukia yule mwanamke aliyeandika ile barua. Nikaisoma tena na tena, na huo ndio ugonjwa wa kazi yangu: nikamwelewa. Mezani ana mtoto hai asiye na karatasi, na karatasi isiyo na mtoto. Nimewahi kukaa mbele ya mambo madogo kuliko hayo nikapinda kalamu, nikaandika yasiyo kweli. Siku nilipomwelewa ndipo nilipoanza kujichukia mwenyewe, na hilo lilidumu zaidi.

Sikukusudia kumwambia mama. Nilimsomea barua yako ya Aprili kwa kutunga. Nilisema unaumwa magoti, tiketi zimepanda bei, unamsalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

“Ba, tangu lini barua ya kurasa nne inasomeka kwa pumzi moja?”

Nikamsomea yote, nikitafsiri neno baada ya neno. Nilipofika “surua” nilitulia, akanipungia mkono niendelee. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza siku gani. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwamba Lài amekufa. Akasema amesikia, anauliza siku gani, kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo.

Hukukulia huku, kwa hiyo nikueleze. Mtu wetu akifa, kila mwaka siku ile ile tunampikia na kumwita mezani. Asiyepikiwa hutangatanga na njaa. Mama hakuwahi kumpikia Lài kwa sababu kumpikia aliye hai ni kumwombea kifo. Miaka arobaini alijizuia makusudi, kwa mapenzi, na muda wote huo mtoto alikuwa na njaa. Hilo ndilo lililomvunja, kuliko kifo chenyewe. Usiku wa pili nilimsikia jikoni akimwomba msamaha.

Nimefungua kalenda za zamani. Tarehe 9 Oktoba 1955 ni siku ya ishirini na nne ya mwezi wa nane. Mwaka huu itaangukia tarehe 6 Oktoba. Hati ya Marseille ikiwepo, tutumie nakala, niandike kifo chake katika daftari langu kwa jina lake na kwa kialama chake. Asiwe msichana asiyejulikana katika kijiji alichozaliwa.

Mama anakuuliza jambo moja, nami nimeahidi kuliandika kama alivyosema: “Wewe ulikuwa naye. Hakuna mwingine aliye hai aliyemwona. Alikuwaje siku zile?”

Khiêm


Roanne
12 Septemba 1996

Kwa Mama Nhàn, shikamoo mama.

Ba atakusomea. Namwomba safari hii asikunje chochote.

Nilikwenda Marseille wiki iliyopita na nakala ya hati nimeiweka humu. Inasema alifariki saa tano asubuhi, Jumapili. Muuguzi mmoja ametia sahihi. Walimzika kwa gharama ya mji, katika sehemu ya makaburi ambayo baada ya miaka michache hufukuliwa na kutumiwa tena. Nilimuuliza mlinzi, akanipeleka. Sasa ni nyasi fupi na bomba la maji. Nilikaa hapo mpaka walipofunga. Sina kingine cha kukuonyesha.

Uliniuliza alikuwaje. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kikauma. Ningeweza kukutungia, mama. Mimi ni mpishi, najua kufanya chakula kidogo kionekane kingi. Ningeandika kwamba alicheka melini, kwamba nilimshika mkono. Lakini jina lake nimelila miaka arobaini, sitaongeza juu yake na uongo.

Ninachokumbuka ni kimoja. Chumba kirefu chenye vitanda vya chuma na mwanga mweupe dirishani. Mtoto anamwita mama yake. Halii, anaita tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejua kwamba anayeitwa yuko chumba cha pili: “Má ơi. Má ơi.” Ndiyo maneno pekee ya lugha yenu niliyobaki nayo. Maisha yangu yote nilidhani mtoto yule ni mimi. Nilikuwa najihurumia kwa hilo. Sasa nadhani nilikuwa nimelala kitanda cha jirani, na nilikuwa nasikiliza.

Hakuwa anaogopa, mama. Hilo naweza kukuapia. Aliita kama anayejua ataitikiwa.

Tarehe 6 Oktoba nitapika hapa pia. Ba aniandikie apikiwe nini.

Hélène


Tân Lộc
3 Machi 1997

Dada,

Utaona nimerudi kukuita hivyo. Kwetu mwanamke yeyote aliyenizidi umri namwita dada, kwa hiyo hata mbele ya daftari sijasema uongo. Salamu kutoka kwetu wote tuliobaki.

Mama ametutoka tarehe 19 Januari, wiki tatu kabla ya Mwaka Mpya. Mapafu. Hakuumwa sana. Sikuweza kukuandikia mapema, mikono ilikataa.

Barua yako ya Septemba nilimsomea mara mbili siku iliponifikia, sikukunja kitu. Baada ya hapo hakutaka isomwe tena, alisema ameishika. Siku ya ishirini na nne alipika mwenyewe: uji, samaki wa chunguni, wali uliofunikwa vizuri. Alifukiza ubani, akamwita Lài kwa jina. Nami ofisini nimemwandika. Ukurasa wa 12, mstari wa tatu.

Wiki ya mwisho mama alinifunulia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Nilimwomba ruhusa nikuandikie, akasema ndiyo sababu anasema. Siku watoto walipochukuliwa Vinh Long kwenda kupanda meli, waliingizwa kwenye boti gatini, asubuhi. Kina mama walikatazwa kufika, lakini habari zilivuja. Walifika wanawake saba. Hawakujuana. Kila mmoja alitoka kijiji chake, na kwa aibu hawakusalimiana. Walisimamishwa nyuma ya kamba. Watoto walikuwa wamevalishwa nguo za namna moja na kofia, na kwa mbali mama alishindwa kumtambua Lài ni yupi. Akawa anawapungia wote.

Wewe ulikuwa kwenye boti ile, dada. Orodha inasema uliletwa na mama yako. Nimepekua madaftari ya vijiji kumi na vinne mpaka sasa, ya vizazi na ya sensa, natafuta mwanamke asiye na mume mwenye mtoto wa kike ambaye sensa ya baadaye haimtaji tena. Bado sijapata. Mengi yameliwa. Nitaendelea, lakini sitakupa matumaini nisiyo nayo.

Mama alisema nikuandikie maneno haya, na akanifanya niyarudie kwa sauti ili asikie kama nimeyashika:

“Mwambie sijui mama yake ni yupi kati yetu. Lakini wote saba tuliambiwa maneno yale yale, na boti ilipoondoka hakuna aliyegeuka. Tulisimama mpaka ikapita kisiwa, tukasimama mpaka moshi ukaisha. Hata huyo wa kwake alikuwepo. Mimi nilimwona.”

Mdogo wako,
Ba